Anza na Mbuzi: Njia ya Kukua Katika Uchoraji na Uchongaji wa Wanyama

Anayepita kwenye vibanda vya vinyago vya Mwenge jijini Dar es Salaam, au kwenye karakana za wachongaji wa Changamwe mjini Mombasa, hukutana na simba, tembo, twiga na vifaru kwa mamia, na si ajabu kijana anayetaka kuwa msanii wa wanyama akadhani kwamba hapo ndipo pa kuanzia. Mwongozo huu unamwelekeza kwingine. Unamshauri achague mnyama mmoja anayeweza kumwona kila siku bila kulipa kiingilio, akae naye kwa muda wa mwaka mzima, na amchore na kumfinyanga kwa kupokezana, ili mchoro usahihishe sanamu na sanamu isahihishe mchoro. Mimi nilipoteza miaka miwili nikinakili simba kutoka kwenye kalenda, na siku nilipomwona simba halisi niligundua kwamba sikujua hata mguu wake wa nyuma hujikunja wapi. Makosa ya wote walionakili kabla yangu yalikuwa yamehamia mkononi mwangu, na sikuwa na njia ya kuyatambua, kwa kuwa mnyama mwenyewe hakuwapo wa kuulizwa.

Ninayempendekeza ni mbuzi. Kuku hatulii, na paka huficha mifupa yake ndani ya manyoya, lakini mbuzi ana nywele fupi, nyonga yake na mabega yake huonekana wazi chini ya ngozi, na saa za mchana hulala kivulini akicheua kwa muda unaotosha kuchora karatasi kadhaa. Aliye Lamu anaye punda mlangoni, na aliye Ziwa Viktoria au pwani anaweza kuanza na ndege wanaosubiri mabaki ya samaki. Jambo la msingi ni kwamba mnyama awepo leo na awepo kesho.

Miezi ya kutazama

Vifaa vya kuanzia ni vichache: daftari la karatasi nyeupe, penseli laini na kipande cha mkaa. Acha kifutio nyumbani. Kaa hatua nne au tano kutoka kwa mnyama, kwenye usawa wa macho yake, na uanze kwa michoro kumi ya dakika moja moja. Katika kila mchoro anza na mstari wa mgongo, kutoka kwenye mzizi wa pembe hadi ncha ya mkia, kisha jiulize uzito wa mwili umekaa kwenye miguu ipi, na uiweke hiyo kwanza. Masikio, ndevu na kwato vitangoja. Mnyama akisogea, uache mchoro huo ulipofikia na uanze mwingine pembeni yake kwenye ukurasa uleule, kwa sababu baada ya dakika chache atarudia mkao wa awali nawe utauendeleza wa kwanza. Ukurasa wenye mbuzi saba ambao hawakumalizika una mafunzo mengi kuliko mbuzi mmoja aliyepakwa kivuli kwa uangalifu.

Andika maneno pembeni ya michoro. Utaona, kwa mfano, kwamba mboni ya jicho la mbuzi si duara bali ni mstatili uliolala, na kwamba anapoinamisha kichwa kula majani jicho huzunguka ndani ya tundu lake ili mboni iendelee kulala sambamba na ardhi. Mchoraji asiyelijua hilo humchora mbuzi anayekula akiwa na mboni iliyosimama wima, na mtazamaji huhisi kwamba kuna kasoro ingawa hawezi kuitaja.

Kosa kubwa kuliko yote liko kwenye miguu. Watu wengi huamini kwamba goti la nyuma la mbuzi, ng'ombe au farasi linakunjika kinyumenyume. Kile wanachokiona si goti, ni kisigino. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo, na mara nyingi limefunikwa na ngozi ya ubavu. Kadhalika, kile kinachoitwa goti la mbele ni kifundo cha mkono. Ili ulielewe jambo hili kwa mwili wako, simama kwa ncha za vidole vya miguu, inua visigino juu kadiri uwezavyo, kunja magoti kidogo, kisha weka ncha za vidole vya mikono sakafuni: huo ndio mkao wa mbuzi, ambaye hutembea kwa ncha za vidole vyake zilizovikwa kwato. Mbwa na paka hutembea kwa vidole vyote, na binadamu kwa unyayo mzima. Aliyeelewa tofauti hizi tatu amepata ufunguo wa miguu ya karibu kila mnyama wa mamalia atakayemchora maishani.

Jambo la pili ni bega. Mbuzi hana mtulinga, ule mfupa unaounganisha bega la binadamu na kifua chake. Kifua cha mbuzi kimening'inia kati ya mifupa miwili ya bega kwa misuli tu, na ndiyo maana mifupa hiyo hupanda na kushuka anapotembea. Simba anaponyemelea na mabega yake yakajitokeza juu ya mstari wa mgongo, unachokiona ni mpangilio uo huo.

Ili kuijua mifupa, nenda buchani. Mwombe muuza nyama akuuzie mguu wa nyuma ambao haujakatwa kwenye viungo, uupike, nyama iliwe, kisha mifupa uichemshe tena, uisugue na kuianika. Wakati wa Idi ya Kuchinja hutakosa fuvu. Chora kila mfupa peke yake, kisha uipange na kuchora jinsi inavyofungana. Kazi hii ni ya kale na yenye heshima. Mwingereza George Stubbs aliishi katika kijiji cha Horkstow kwa muda wa takriban miezi 18 akipasua maiti za farasi na kuchora tabaka baada ya tabaka, na michoro yake ya mifupa na misuli ya farasi ilichapishwa mwaka 1766. Rosa Bonheur wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1822, alikwenda machinjioni na kwenye soko la farasi la Paris, na kwa kuwa sheria ya mji ilimkataza mwanamke kuvaa suruali, aliomba kibali cha polisi ili afanye kazi yake bila kusumbuliwa. Matokeo yake ni mchoro wa soko la farasi uliooneshwa mwaka 1853, wenye upana unaozidi mita 5, ambamo kila farasi ana uzito wake na hasira yake.

Kuhamia kwenye udongo

Ukishakuwa na michoro kama 60, iweke kando na uchukue udongo. Usisubiri hadi uchoraji wako uwe mzuri, kwa sababu kufinyanga ndiko kutakakoufanya uwe mzuri. Karatasi humruhusu mchoraji kuficha asichokijua: anaweza kumchora mbuzi kwa ubavu mara mia bila kujua upana wa kifua chake. Udongo hauruhusu hilo. Ukifika kwenye tumbo utalazimika kuinuka na kumwangalia mbuzi kutoka nyuma na kutoka juu, na hapo utagundua kwamba tumbo lake halilingani pande zote mbili. Upande wa kushoto umetokeza zaidi, kwa kuwa ndiko liliko tumbo kubwa la kwanza linalohifadhi majani kabla ya kucheuliwa. Sikumbuki kuliona jambo hilo kwenye picha hata moja.

Nunua udongo kwa wafinyanzi wa vyungu wa eneo lako, kwani wao wanajua shimo lenye udongo usiopasuka. Ukande kama unga wa chapati hadi usiwe na mapovu ya hewa. Sanamu ya kwanza iwe na urefu wa sentimita 20 hivi, na iwe ya mbuzi aliyelala akicheua, si aliyesimama. Miguu myembamba ya udongo mbichi haiwezi kubeba mwili, na mwanafunzi anayelazimisha mkao huo humaliza siku nzima akiokoa miguu badala ya kujifunza umbo. Kiunzi cha waya kinafaa tu kwa sanamu isiyochomwa. Udongo husinyaa unapokauka ilhali waya hausinyai, kwa hiyo sanamu itapasuka kuuzunguka waya huo.

Anza na matonge makubwa matatu: kifua, tumbo na nyonga. Yaunganishe, weka shingo na kichwa, na usishike kijiti cha kuchongea hadi matonge hayo yatambulike kuwa mbuzi mtu akiyaangalia kutoka mwisho wa chumba. Iweke sanamu juu ya kibao unachoweza kukizungusha, na kila baada ya dakika tano ukizungushe kidogo hata kama upande ulio mbele yako haujakuridhisha. Udongo ukishakauka nusu, yaani unapobonyezeka kwa shida, igeuze sanamu na uikombe ndani kutoka chini hadi unene wa ukuta uwe kama sentimita moja na nusu, kisha uache tundu la kupitisha hewa. Ifunike kwa nailoni na uiache ikauke polepole kwa wiki mbili. Sanamu yangu ya kwanza ilipasuka vipandevipande ndani ya tanuri kwa sababu niliichoma ikiwa bado na unyevu. Maji yaliyobaki ndani ya udongo hugeuka mvuke, na mvuke uliokosa njia ya kutoka huvunja ukuta wowote.

Ikiwa unataka mfano wa msanii aliyefika mbali kwa njia hii, msome Rembrandt Bugatti, aliyezaliwa Milan mwaka 1884. Alifinyanga wanyama akiwa mbele yao katika bustani ya wanyama ya Paris, na baadaye katika ile ya Antwerp, na kazi zake zikamiminwa kwa shaba. Alama za vidole vyake bado zinaonekana kwenye shaba hizo, na huwezi kuzikosea kuwa pambo: ni kumbukumbu ya kasi ya mkono uliokuwa ukimfuata mnyama asiyetulia.

Kurudi kwenye rangi

Baada ya sanamu mbili au tatu za udongo, rudi kwenye daftari umchore mbuzi yuleyule. Tofauti itakushangaza. Mstari wa tumbo sasa utaupinda bila kufikiri, kwa kuwa kiganja chako kimeshaupita.

Hapa ndipo rangi inapofaa kuingia, na kwa msanii wa Afrika Mashariki mwalimu wa karibu ni Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini mwa Tanzania, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kwenda Dar es Salaam, na akaanza kuchora karibu mwaka 1968. Alichora kwenye vipande vya hadibodi vya mraba wa kama sentimita 60 kwa rangi ya mafuta inayong'aa, ile ambayo watu hupakia baiskeli, na kazi zake zikauzwa Oysterbay, mtaa wa jiji hilo. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliodhani kwamba alikuwa mhalifu anayekimbia. Miaka minne tu ya uchoraji ilitosha kuanzisha mtindo uliobeba jina lake, na chama cha ushirika cha wasanii wa mtindo huo kilisajiliwa mwaka 1990.

Huenda msomaji akauliza: Tingatinga hakupasua mbuzi wala kuchemsha mifupa, mbona basi tuhangaike? Ni swali la haki, na jibu lake limo kwenye kazi zake za mwanzo. Nyuma ya mnyama mara nyingi kuna rangi moja tupu, na mnyama mmoja amekaa katikati kwa umbo la nje lililo kamili, lenye uzito na lenye tabia yake, kiasi kwamba ungemtambua hata angepakwa rangi nyeusi tupu. Hilo ni tunda la kumbukumbu ya mtu aliyekulia mahali penye wanyama. Wengi waliomfuata walichukua madoadoa na kuacha umbo. Kunakili kazi za mwalimu ni njia halali kabisa ya kujifunza, na wanafunzi wengi wa mtindo huo wameingia kwa mlango huo, wakijaza rangi na kuweka nukta chini ya jicho la fundi; ila baada ya mwaka mmoja wa kunakili, mwanafunzi asiyetoka nje kumtazama mnyama atabaki mjaza rangi.

Kwa hiyo fanya zoezi hili kabla ya kufungua kopo la rangi. Kata umbo la mbuzi wako kutoka kwenye karatasi nyeusi, libandike ukutani, na umwulize mtoto wa jirani anamwona mnyama gani na anafanya nini. Akijibu "mbwa", rudi kwenye daftari. Wachoraji wa kale wa miamba ya Kondoa, katikati ya Tanzania, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, walichora pofu, yaani swala wakubwa, na twiga kwa rangi nyekundu ya mawe, wengi wao kwa umbo la nje tu, na hadi leo mgeni anayepanda hadi Kolo huwatambua.

Umbo likikubali, piga msasa hadibodi, paka rangi ya nyuma mara mbili, na uiache ikauke usiku kucha kila mara. Chora umbo kwa chaki, lijaze kwa rangi ya mwili, subiri tena, ndipo uweke mabaka, macho na kingo. Haraka ndiyo adui mkubwa wa rangi ya mafuta: ukipaka juu ya rangi mbichi, ya chini itapanda na kuchafua ya juu. Fanya kazi mahali penye hewa ya kutosha, kwa sababu mvuke wa rangi na wa tapentaini huumiza kichwa na mapafu.

Mabaka ya mnyama yachukulie kama msaada wa kuonesha umbo. Milia ya pundamilia husimama wima kwenye ubavu, huinama kwenye nyonga, na hulala mlalo kwenye miguu. Mchoraji anayeifuata hivyo ameshaonesha mviringo wa mwili bila kivuli chochote. Chui ana mabaka yenye umbo la waridi, na duma ana madoa kamili pamoja na mistari miwili myeusi inayoshuka kutoka machoni hadi mdomoni. Wauzaji wengi wa michoro huchanganya wanyama hawa wawili, nami huona jambo hilo kuwa ni kuwakosea heshima.

Msanii anayetaka kuacha rangi halisi na kutumia rangi za moyo wake ana ruhusa hiyo, ila atazame njia aliyopita Franz Marc wa Ujerumani. Farasi wake wa rangi ya buluu wa mwaka 1911 hawakutokea ghafla. Kabla ya hapo alisoma maumbile ya wanyama kwa miaka, akawafundisha wengine somo hilo mjini Munich, na alifinyanga pia sanamu ndogo za wanyama. Rangi ya buluu ilikaa juu ya farasi ambaye mifupa yake ilikuwa tayari mahali pake.

Mti

Udongo huongezwa na kupunguzwa. Mti hupunguzwa tu. Kwa sababu hiyo usiuguse mti kabla ya kuwa na sanamu ndogo ya udongo ya kuiweka pembeni na kuipima kwa bikari.

Mpingo ndio fahari ya wachongaji wa Kimakonde, lakini haumfai anayeanza. Ni mzito hata huzama majini, unagonga patasi kama jiwe, na mti wake huhitaji miongo mingi kufikia unene wa kuvunwa. Wachongaji wa Kikamba, ambao kwa kauli yao wenyewe wanaanzia historia ya biashara yao kwa Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kuchonga Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, walitegemea sana muhugu hadi misitu ya pwani ya Kenya ikaupungukia, na sasa wengi wamehamia kwenye mwarobaini na mwembe. Anza na mwembe uliokwisha kuzaa. Paka nta au rangi kwenye ncha mbili za gogo ili lisipasuke likikauka, na ulihifadhi kivulini.

Chora umbo la ubavu wa mbuzi kwenye uso mmoja wa kipande na umbo la kutoka juu kwenye uso mwingine, kata kona za kipande kwa msumeno, kisha ondoa mafungu makubwa kwa tezo kabla ya kushika patasi. Zingatia mwelekeo wa nyuzi za mti: miguu na shingo zifuate urefu wa nyuzi, kwa maana mguu unaokatiza nyuzi utakatika siku ya kwanza ya msasa. Pembe zilazwe juu ya shingo na kichwa kigeuzwe kuelekea bega, na hapo mti wenyewe utakuwa umekuchagulia mkao mzuri kuliko ule uliokusudia. Malizia kwa tupa, kisha msasa mkali hadi laini, kisha nta ya nyuki. Usipake rangi nyeusi ya viatu ili mwembe uonekane mpingo. Mnunuzi atakayekwaruza chini ya kwato ataujua uongo huo, na mwembe una uzuri wake wa kahawia usiohitaji kufichwa.

Kutoka kwa mbuzi kwenda kwa twiga

Sasa nenda porini. Kwenye Hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha unaweza kutembea kwa miguu ukiwa na daftari mbele ya pundamilia na twiga, na Makumbusho ya Elimu Viumbe ya Arusha yanafaa kwa siku ya mvua. Utagundua kwamba humjui twiga, ila unamjua nusu: anacheua kama mbuzi, hutembea kwa kwato kama mbuzi, kisigino chake kiko palepale, na shingo yake ndefu ina pingili saba, sawasawa na ya mbuzi na ya kwako. Kilichobadilika ni vipimo na mwendo, kwani twiga akitembea miguu ya upande mmoja huenda karibu pamoja. Fisi ana miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, na hilo peke yake latosha kumtofautisha na mbwa hata gizani. Tembo wa Afrika ana bonde mgongoni kati ya bega na nyonga, na nyayo zake za mbele ni za mviringo ilhali za nyuma zimerefuka.

Kwa kila mnyama mpya rudia mzunguko uleule, kwa muda mfupi zaidi: michoro ya dakika moja, tonge la udongo la ukubwa wa ngumi, umbo la karatasi nyeusi, ndipo rangi au mti. Nyuma ya kila hadibodi na chini ya kila sanamu andika tarehe, mahali, na kama mnyama ulimwona kwa macho au ulimchora kutoka kwenye picha. Kazi za picha zihifadhi kwenye rafu yake peke yake.